Harusi bila padri, msiba bila shehe: namna ya kuandaa shughuli yenu wenyewe mkiwa Uingereza

Mi nilianza kama MC wa kawaida tu huku, sendofu, kipaimara, bethdei za miaka 50, kazi ya kushika maiki na kuwaambia watu wakae. Hii kazi nyingine ilinifuata yenyewe. Walikuja wapenzi wawili, bwana Mkristo wa Moshi, bibie Muislamu wa Tanga, hakuna aliyekuwa tayari kubadili, wakaniambia we si unajua kuongea bwana, tufungishe. Mwaka uliofuata akafariki mzee mmoja ambaye alishasema hataki padri wala kwaya, mkewe akanipigia saa tano usiku analia. Toka hapo nimesimamia kadhaa, na kila mwezi kuna mtu ananipigia anauliza maswali yale yale, kwa hiyo naandika mara moja hapa.

Kitu kilichonichukua muda kukielewa ni hiki. Watu wetu wakija kwenye shughuli isiyo ya dini, kinachowaudhi ni kukaa pale hawajui wafanye nini. Kanisani mtu anajua lini asimame lini aitikie, msikitini anajua mikono aiweke wapi. Ukiitoa dini ukaacha pengo, lile pengo litazibwa tu, na wa kuliziba ni mjomba mwenye sauti kubwa kuliko wote. Karibu yote nitakayosema huku chini yanahusu kuwapa watu cha kufanya.

Tuanze na harusi, na kwenye harusi tuanze na sheria maana hapo ndo wengi wanaumia. England na Wales mtu kama mimi sina uwezo wa kukufungisha ndoa. Naweza kusimama mbele, mkaapa, mkavishana pete, ukumbi mzima ukalia, lakini kwa serikali nyie bado ni wapenzi tu. Hata wale wafungishaji wa kihumanisti (wanaoendesha shughuli bila dini) waliosomea hiyo kazi kabisa hawana hayo mamlaka England, kila mwaka kuna maneno kwamba sheria itabadilika, ila we usipange harusi kwa maneno. Ndoa yenu lazima ipite kwa msajili wa halmashauri. Kila mmoja anaenda mwenyewe kutoa notisi kwenye ofisi ya wilaya anayoishi, na awe ameishi hapo angalau siku 7, halafu mnasubiri siku 28. Kama mmoja wenu yuko kwa viza mnaenda wote wawili pamoja kwenye ofisi maalumu, na Home Office (wizara ya mambo ya ndani) wakiamua kuwachunguza zile 28 zinageuka 70. Nimeona watu wameshalipia ukumbi, keki, na tiketi za wazazi kutoka Dar, notisi hawajatoa! Na kama uliwahi kuoa au kuolewa beba karatasi ya talaka ya mahakama na tafsiri yake, maana stori ya kwamba tuliachana miaka mingi haimsaidii msajili.

Mkishapata kibali mnachagua. Mnaweza kumwita msajili aje kwenye ukumbi wenye kibali cha kufungishia ndoa aendeshe yeye, lakini hapo hakuna kusoma Biblia wala Kurani wala kuimba tenzi, hiyo ni sheria na wala hawana roho mbaya, na yale maneno ya kisheria yenyewe lazima yasemwe kwa Kiingereza (Wales wanaruhusu Kiwelshi, Kiswahili hapana). Mi nawashauri watu njia nyingine: nendeni Jumanne asubuhi ofisini na mashahidi wawili, hata na jinzi sawa, mseme maneno ya serikali, msaini, mkale chipsi. Jumamosi ndo mnafanya harusi yenu kwa lugha yenu na urefu mnaoutaka, msajili hahusiki. Kwa wanaojali, toka Mei 2021 cheti cha ndoa cha England na Wales kinaandika na jina la mama, zamani ilikuwa baba peke yake. Kuna bibi harusi mmoja aliyelelewa na mama tu, nilipomwambia hilo akasema basi hiyo Jumanne mama lazima awepo, na akawepo, kwa vidio kol, simu imeegemezwa kwenye chombo cha maua.

Scotland ni habari nyingine kabisa. Kule wahumanisti wanafungisha ndoa ya kisheria toka 2005, ya kwanza ilifungwa Edinburgh kwenye bustani ya wanyama, na unaweza kuoana popote, ufukweni, mlimani, sebuleni kwa shangazi. Kila mmoja anajaza fomu inaitwa M10, inatakiwa ifike kwa msajili si chini ya siku 29 kabla, we ipeleke wiki 10 au 12 kabla ulale usingizi. Halafu kuna karatasi moja ya ndoa mnaichukua kwa msajili mkamkabidhi mfungishaji. Ikisahaulika nyumbani hakuna ndoa siku hiyo, kwa hiyo asipewe best man, mpeni yule dada mwenye roho ya uhasibu. Mkishasaini inarudishwa ndani ya siku 3. Ireland ya Kaskazini nao wameruhusu toka 2018. Ndo maana kuna Waswahili wa London wanapanda treni kwenda kuoana Scotland.

Sasa wazee. Usimpigie bibi yako simu ukamwambia "tunafanya harusi isiyo ya dini", utakuwa umemwambia mjukuu wake kapotea. Mwambie ni ndoa ya bomani. Ndoa ya bomani anaijua, iko kwenye Sheria ya Ndoa ya Tanzania toka 1971, watu wanatoa notisi ya siku 21, wanaenda kwa mkuu wa wilaya wanafunga, mtaani kwake kuna watu watatu wamefanya hivo na ndoa zao zipo. Neno linalojulikana linapunguza nusu ya ugomvi. Nusu ya pili inapunguzwa na kufuata mila ambazo hazina dini ndani yake: mshenga atumwe, barua ipelekwe, mahari itolewe, hata kama yote yanapita kwa simu na wakala. Mzee aliyepokea mahari kishaozesha binti yake moyoni, huku mbele anakuja kushangilia tu.

Kwenye siku yenyewe mi napanga dakika 25 mpaka 30, zaidi ya hapo watoto wanaanza kukimbia. Kabla yake nakaa na kila mmoja peke yake, mwenzie asisikie, nawauliza maswali sawasawa. Ulijua lini huyu ndo mwenyewe, anapika nini vibaya, mkigombana nani anaanza kuongea. Usiulize "unampendea nini", utajibiwa "ana upendo, ana heshima, mcha Mungu" na hapo huna kitu cha kusimulia. Yule bwana wa Moshi aliniambia bibie alimsubiri stendi ya mabasi Leeds masaa mawili, theluji inaanguka, amebeba chapati kwenye foili ndani ya koti zisipoe. Bibie kwa upande wake aliniambia chapati zilikuwa mbichi katikati na jamaa alizila zote. Nikazisimulia zote mbili mfululizo, ukumbi ukalipuka, na mama wa Tanga ambaye alikuwa amenuna toka asubuhi akacheka mpaka akafuta macho kwa mtandio.

Kisha kitendo. Lazima kiwepo kitendo, maneno matupu hayatoshi. Waskoti wana mila yao ya kuwafunga maharusi mikono kwa kitambaa, sisi tunaifanya kwa kanga, na kama unaweza kupata kisutu ndo penyewe maana hiyo ni kanga ya harusi toka enzi. Usiikate! Nilishaona mtu anakata kanga ya bibi vipande kwa mkasi, shangazi karibu azimie. Ikunje kwa urefu iwe kama mkanda, mama wa huyu ashike ncha hii, mama wa yule ashike ile, wazungushe mara moja kila mmoja. Chagua kanga ambayo jina lake linasomeka, kwa mfano "Wawili wakipendana adui hana nafasi", uwaombe wakinamama wote walisome kwa pamoja kwa sauti. Hapo vigelegele vinakuja vyenyewe.

Viapo waandike wenyewe, we wasaidie kuvifupisha tu. Sentensi tano zinatosha. Mfano nawapa huu halafu wanaubadilisha: "Mimi nimekuchagua wewe, mbele ya watu wanaotujua. Ukiugua nitakuuguza. Ukipata nitafurahi na wewe, ukikosa tutakosa wote. Sitakununia zaidi ya siku moja. Nyumba yangu ni nyumba ya ndugu zako." Hiyo ya kununa watu huwa wanaipenda, na hiyo ya mwisho ndo wazee wanaitikia kwa kichwa. Baada ya viapo nawageukia waliokaa: "Ndugu na marafiki, mtawasimamia hawa?" Wanajibu "Tutawasimamia." Mazoezi ya hilo jibu nafanya nao kabla maharusi hawajaingia, mara mbili, mara ya kwanza huwa wanajibu kama wanadaiwa.

Na maombi je? Mi huweka dakika moja ya kimya na kusema wazi, "kila mtu amuombee kwa namna yake huyu na huyu". Anayetaka kusoma Fatiha kimoyomoyo anasoma, wa Baba Yetu anasali, asiyeamini anaangalia viatu vyake, wote wamehudumiwa.

Tuje msibani, na hapa nitakaa zaidi kidogo maana harusi ikiharibika mtacheka baadaye, msiba ukiharibika haurudiwi.

Kwanza kabisa jiulize hii shughuli ni ya nani. Kama marehemu alikuwa anasali swala tano au anaimba kwaya, na we mtoto ndo hauamini, mzikeni kwa dini yake, usitumie jeneza la mama kutangaza msimamo wako. Haya ninayoandika ni ya yule aliyesema mwenyewe, au aliyeishi miaka 30 hagusi mlango wa ibada na kila mtu anajua.

Karatasi: England na Wales kifo kinaandikishwa ndani ya siku 5, na toka Septemba 2024 kila kifo ambacho hakikwenda kwa korona (coroner, afisa anayechunguza vifo, si ule ugonjwa) kinapitiwa kwanza na daktari mkaguzi, zile siku zinahesabiwa karatasi zikishamfikia msajili. Scotland ni siku 8. Mnapata kibali cha kuzika au kuchoma, wengi wanaita fomu ya kijani. Baada ya hapo hakuna sheria inayosema lazima awepo kiongozi wa dini, wala hakuna inayosema lazima iwepo ibada. Mwili unaweza hata kuchomwa bila shughuli yoyote, ni bei ndogo sana ukilinganisha, halafu familia ikakutana mwezi mzima baadaye kwenye ukumbi wa mtaa na picha na pilau. Familia zenye ndugu waliotawanyika Oslo, Muscat na Toronto hii inawafaa kuliko wanavyodhani.

Kama mwili unaenda nyumbani, England na Wales lazima korona apewe taarifa angalau siku 4 kabla ya kuutoa nchini, mtu wa mazishi (yule mliyemlipa ashughulikie mwili) anajua hiyo fomu, pia kuna dawa ya kuhifadhi mwili, jeneza maalumu na karatasi za ubalozi. Hapa mi nashauri shughuli mbili bila aibu. Huku mnafanya kuaga kwenye chumba cha mtu wa mazishi, bila dini, kama marehemu alivyotaka, marafiki wake wa huku wanasema yao. Kule kijijini ukoo utafanya wa kwao. Hutaenda kupambana na ukoo mzima Kishapu ukiwa na jetlagi.

Kuchoma mwili kwa wengi wetu ni neno zito. Kwa wasiwasi huo huwa nawakumbusha watu Profesa Wangari Maathai, 2011, alichomwa Kariokor Nairobi, na jeneza lake halikuwa la mbao kwa sababu alishasema mti usikatwe kwa ajili yake, lilitengenezwa kwa magugu maji, mianzi na mafunjo. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na Bob Collymore wa Safaricom nao walichomwa pale pale 2019. Ukiwatajia hao majina wazee wanatulia kidogo, hawakubali lakini wanatulia.

Jambo la kufa na kupona ni saa. Sehemu ya kuchomea hapa wanakupa dakika 30, au 40, au 45 hivi, na humo wanahesabu kuingia, kukaa, kuaga na kutoka. Msiba wangu wa kwanza sikulijua hilo. Watu wetu walifika robo saa nyuma kama ilivyo desturi, wasemaji walikuwa sita, wa tatu akaanza kusimulia walivyosoma na marehemu Tabora darasa kwa darasa, nikaona mlangoni familia nyingine imeshasimama na maua yao inasubiri. Mtoto wa marehemu ambaye ndo alikuwa wa mwisho hakuongea. Alikunja karatasi yake akaiweka mfukoni. Mpaka leo ile karatasi inaniuma. Siku hizi mtoto anaongea wa kwanza, wasemaji ni watatu, kila mmoja dakika 3, na maneno yao nayasoma usiku wa kabla. Na kama fedha ipo nunua nafasi mbili mfululizo.

Waulize pia kuhusu pazia. Mahali pengi kuna kitufe anabonyeza msimamizi pazia linafunga taratibu mbele ya jeneza, na kwa watu wetu ule muda unaweza kuleta kilio cha kuanguka. Unaweza kuomba liachwe wazi, watu wapite mmoja mmoja kutoa heshima za mwisho. Muziki wanautaka siku kadhaa kabla kwenye mtambo wao, hawapokei simu yako na waya.

Wasifu wa marehemu sasa. Ule wetu tunaujua wote: alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule ya msingi fulani, akajaliwa watoto, ameacha mjane na wajukuu. Huo ni sivii. Mi nafungua grupu la WhatsApp naomba kila mtu atume voisi moja ya kitu kimoja alichokiona kwa macho, tabia hapana, kitu. Kwa mama mmoja aliyekuwa nesi wa zamu za usiku nilipata voisi 40 na zaidi, nyingi "alikuwa mkarimu", halafu ikaja moja ya mwenzie wa kazini: huyu mama kila akipanda basi la usiku alimwambia dereva Mpolandi "shikamoo", miaka sita, mpaka dereva akajifunza kujibu "marahaba mama" ingawa yeye ndo mdogo na alikuwa hajui maana. Tulipoisoma kulikuwa na mzungu mmoja nyuma kabisa amevaa sare ya kampuni ya mabasi, hakuna aliyekuwa amemwona. Akasema "marahaba" kwa sauti ndogo.

Maneno ya kufungulia weka wazi kabisa ili watu wasibaki wanasubiri sala. Mi nasema hivi: "Tumekuja kumuaga fulani. Aliomba tufanye hivi, bila ibada, na tunaheshimu neno lake. Kila mmoja wenu amekuja na imani yake na inakaribishwa, kutakuwa na muda wa kimya kwa ajili hiyo. Tutasikiliza watu watatu, tutasikiliza wimbo alioupenda, kisha tutapita mbele kumuaga." Sekunde 30 tu na mtu anajua yote yanayokuja.

Kitendo pia kiwepo, badala ya udongo. Mzee mmoja wa Pemba tulimwekea bakuli la karafuu mlangoni, kila anayeingia anachukua moja, akipita mbele anaiacha juu ya jeneza. Chumba kizima kilinuka Pemba. Kahawa, mchaichai, ua moja moja, chochote kinachotoka kwenye maisha yake, ila uliza kwanza kinachoruhusiwa.

Na mjomba atasimama tu, jiandae. Atasema "kabla hatujaendelea naomba tuinamishe vichwa". Usimnyang'anye maiki. Mi namtafuta siku mbili kabla, nampa kazi ya heshima: awapokee watu mlangoni, au aseme neno la shukrani kwa niaba ya ukoo kwenye chakula, na hapo kwenye chakula akitaka kuomba aombe kwa moyo wote, shughuli ya marehemu imeshakwisha. Hajawahi kukataa hata mmoja.

Kwa walio nyumbani wanaotazama laivu, andika saa za aina mbili kwenye tanzia, ya huku na ya Afrika Mashariki, tofauti ni masaa 2 kipindi cha joto na 3 kipindi cha baridi. Na uandike mchana au asubuhi! Vijana waliozaliwa huku wakisoma "saa 8" wanafika saa mbili asubuhi.

Kama ni wewe unayejipangia ya kwako ukiwa mzima, andika, lakini ujue kwamba kwa sheria ya England maneno yako kuhusu mazishi hayamfungi mtu, anayeamua ni msimamizi wa mirathi uliyemtaja kwenye wosia. Kwa hiyo mchague yule ambaye hatetemeki mbele ya ukoo. Wakenya wanakumbuka wakili S.M. Otieno, alifariki Desemba 1986, mjane anasema alitaka azikwe Ngong, ukoo unasema Nyalgunga kijijini kwao, mwili ukakaa mochwari miezi mitano kesi inaendelea, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Na huyo alikuwa wakili. Andika, saini, toa kopi kwa watu watatu, halafu lisemee kwenye simu na ndugu zako wakubwa ukiwa na afya yako.

Kwa walio nchi nyingine nipite haraka. Ufaransa na Ujerumani ndoa ya kisheria ni ya serikali tu, hata waumini wanaanzia huko, kwa hiyo sherehe yenu ya pembeni haishangazi mtu. Ujerumani angalieni majivu, karibu kote lazima yazikwe makaburini, hamkai nayo kabatini. Marekani kila jimbo na sheria zake, Colorado mnaweza hata kujifungisha wenyewe. Abu Dhabi toka sheria ya 2021 kuna ndoa ya kiraia kwa wasio Waislamu.

Majivu ukiyabeba kwenda nyumbani yabebe mkononi, kwenye chombo kisicho cha chuma ili mashine ione ndani, pamoja na cheti cha kuchoma na cha kifo, na uwapigie shirika la ndege kabla.

Mwisho ratiba yako ichapishe kwenye karatasi, herufi kubwa, namba kila ukurasa, kopi ya pili mpe mtu wa mstari wa mbele. Usisome kwenye simu. Nilisoma kwenye simu mara moja tu, katikati ya kimya cha dakika moja, ikaingia kol ya jamaa anauliza paking iko upande gani.